Maneno Ambayo Hayakuwa Kwenye Sinema

Mama alipokuja kukaa nami Migosi, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba atapasuliwa zamu yake ikifika. Baba alikuwa ametutoka mwanzoni mwa mwaka huo. Tulimzika nyumbani, upande wa Bondo, na kaka zangu wakaona si vizuri Mama abaki kule peke yake, akipapasa ukuta kila anapokwenda jikoni. Mimi sijaolewa, nina chumba cha ziada. Basi akaja.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi mjini. Nikirudi jioni namkuta ameketi kwenye kochi, redio imezimwa. Stesheni ya Kiluo ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na yeye hakutaka kusikia vifo tena. Biblia hakuweza kuisoma. Nilijaribu kumsomea, akasema namkimbiza.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nafua, nikaweka sinema ili nisikie sauti ndani ya nyumba. Ilikuwa ya Kichina, ya kupigana, ile aina iliyotiwa sauti na dijei. Dijei huyo huwapunguza waigizaji sauti, kisha anasimulia kila kinachotokea kwa Kiswahili cha mtaani, na penye ukimya anajaza maneno yake mwenyewe. Mkubwa wa maadui alimwita chifu. Panga likipigwa, yeye ndiye anayelia kwa uchungu.

Mama ni mtu wa kanisa. Tukiwa watoto alituambia sinema ni mahali shetani anapopumzikia. Nilidhani ataniambia nizime. Badala yake nikamsikia akiuliza, "Huyo sasa anaenda wapi?"

"Anamtafuta mdogo wake, Mama. Walikosana."

"Walikosania nini?"

Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaenda kuketi. Lakini hakunihitaji sana. Dijei alimweleza kila kitu: nani ameingia, nani amekasirika, nani amejificha nyuma ya mlango. Kwa mtu asiyeona vizuri, ilikuwa kama amepata wa kumshika mkono.

Karibu na mwisho, kaka mkubwa anafika nyumbani kwa mdogo wake. Dijei akasema, "Wazee wangu, sikilizeni. Huyu alimtukana kaka yake mbele ya watu, tena matangani. Lakini mtu akiongea vibaya matangani, si yeye anayeongea. Ni uchungu umeazima mdomo wake. Ukimnunia, utakuwa unanunia uchungu."

"Rudisha hapo," Mama akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, akiwa ameinamisha kichwa. "Adier," akasema kwa Kiluo. Ni kweli.

Nilijua anamfikiria nani. Kwenye mazishi ya Baba, mdogo wake Mama, yaani anti yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Otonglo, alisimama uani jeneza likiwa mbele yetu, akasema, "Kama ungempeleka hospitali mapema, huyu mtu angekuwa hai." Watu walisikia. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemezana, ingawa kutoka Migosi hadi Otonglo si mbali.

Wiki iliyofuata aliniomba nimpeleke. Tulipita katikati ya soko akiwa amenishika mkono, tukamkuta anti nyuma ya gunia lake la omena, anapimia mteja. Alituona mapema, lakini akamaliza kupima.

"Misawa," Mama akamsalimia.

"Misawa. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuketi."

Anti akageuza kreti, akalipangusa kwa leso, akamsaidia Mama kuketi. Mimi nikasimama kando. Kwa muda mrefu hawakusema jambo la maana. Waliongea habari za mvua, za omena kutokauka vizuri, za macho. Wateja walikuja wakaondoka. Kisha anti, bila kuinua uso, akasema, "Shemeji ndiye alinifundisha kuendesha baiskeli."

"Najua," Mama akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kiti kwa nyuma."

Anti akafunika uso kwa leso. Mama alinyoosha mkono, akamkosa, akagusa gunia, kisha akampata begani. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, wala sikusikia mmoja akiyataja ya matangani. Tulirudi na omena nyingi kuliko tulizoweza kula.

Jumapili Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu alimfundisha kusamehe kupitia sinema ya Wachina. Mchungaji alikohoa. Ibada ilipokwisha, akina mama kadhaa walinivuta kando kuniuliza sinema hiyo inaitwaje.

Baadaye zamu yake ya hospitali ikafika, jicho moja kwanza, kisha la pili. Alipozoea mwanga tena, alikagua nyumba yangu yote na kuniambia mapazia ni machafu. Halafu akaomba ile sinema. Anti naye alikuja, maana alitaka kuyasikia maneno yaliyomleta dada yake sokoni.

Tulitazama vizuri hadi tulipofika pale pa ndugu wawili. Mama akasogea mbele kwenye kochi. Dijei alisema maneno yake yote, neno kwa neno kama Mama alivyoyakumbuka. Lakini kwenye skrini ndugu hao walikuwa wanakula tambi, na mmoja ameshika ramani.

"Matanga iko wapi?" Mama akauliza.

"Hakuna matanga, Mama."

"Na huyo, mbona mdomo wake haufunguki? Hayo maandishi ya chini yanasema nini?"

Yalikuwa ya Kiingereza, nikamtafsiria. Yalisema, kesho tutapita njia ya mtoni.

Anti alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Mama hakucheka hata kidogo.

"Nilisimama mbele ya kanisa," akasema. "Sasa yale maneno ni ya nani?"

"Ni ya dijei."

"Ameokoka?"

"Sijui, Mama. Hata sura yake siijui."

Siku zile zilizobaki kabla ya Jumapili nilisikitika kwa ajili yake. Niliona kama ameibiwa. Nikamwambia hakuna haja ya kusema chochote, hakuna atakayejua. Aliniangalia kwa macho yake mapya, akaniambia, "Mimi najua."

Basi akasimama tena. "Nilisema hapa kwamba sinema ilinifundisha," akawaambia. "Nimepata macho, nimeiona. Haina hayo maneno. Ni kijana mmoja anayetafsiri aliyeyatia, na sijui anasali wapi. Lakini ndugu yangu ni huyu hapa, mmemwona." Akamwonyesha anti, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma akitamani ardhi immeze. Watu wakapiga makofi. Mchungaji, ambaye safari hii hakukohoa, akamwombea dijei, popote alipo.

Nilidhani Mama ataachana na sinema baada ya hapo. Hakuachana nazo. Sasa anti huja mara kwa mara baada ya soko, na mimi ndiye msomaji wa maandishi ya chini, kwa sababu Mama hataki tena kuambiwa na mtu mmoja peke yake. Siku nyingine anasema dijei ana hekima kuliko wenye sinema, siku nyingine anasema ni mwongo tu.

Juzi tulitazama ya Wanaijeria, haina dijei. Mke anampokea mume aliyemkimbia, mara ya pili, mara ya tatu, muziki wa huzuni unapigwa. Mama akasema, "Hapa hakuna la kujifunza. Huyu mwanamke afunge mizigo aende kwao."

"Hilo ndilo somo lenyewe," anti akamjibu, akaniagiza nilete chai.