Walinifundisha Kusoma, Wakaninyima Kalamu

Hainitoki Ijumaa ile, mwanangu, na hasira yake sijaimeza mpaka leo. Kuandika nimejifunza ukubwani, nikichungulia madaftari ya wanangu, kwa hiyo nikikosea nivumilie.

Tulikuwa sebuleni kwetu Satwa, hapa Dubai, tumemaliza kula. Mjukuu wangu Nasra anatusomea somo lake la historia: Marekani ya zamani, ilipokuwa chini ya Waingereza. Anasema wazee wa kule walifundisha watoto kusoma ili wakisome wenyewe kitabu cha dini yao, Shetani asiwadanganye. Hata mtoto wa kike alifundishwa kusoma, pengine na mama jirani, jikoni kwake. Lakini kuandika, wengi waliona ni mambo ya wavulana. Na watumwa, kuna mahali sheria ilikataza kabisa wasifundishwe kuandika.

"Bibi, si kama chuoni kwenu Unguja, mlikosoma Kurani?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, baba yake akadakia. Huyo ni Khamis, mwanangu wa kuzaa, anayefundisha watoto dini hapo hapo sebuleni kila Jumamosi. Kalamu huwapa wavulana. Wasichana husoma kwa sauti tu, eti meza hazitoshi.

"Khalas, yatosha, Nasra. Wanawake wa zamani walitosheka na kusoma. Dini iliwalinda."

"Ilimlinda nani?" nikamwambia. "Kaa chini, usinikimbie na hicho kikombe."

"Mama nawe! Hata chai haijashuka."

"Itashuka nikimaliza."

Nikamwambia. Mimi nilihitimu msahafu kabla ya kaka zangu. Wao wakapewa kalamu za unyasi na wino wa masizi. Nilipoishika mimi, mwalimu akaninyang'anya: "Ukijua kuandika utawaandikia wanaume." Wanaume gani? Hata meno ya utoto yalikuwa hayajamaliza kuning'oka.

Nikaolewa, nikaletwa Dubai. Barua za mama aliziandika mjomba, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami nikizisoma mwenyewe. Kujibu, akijibu mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza akafariki akiwa mchanga. Nikamwomba mume wangu amwambie mama. Akasema tusimtie mzee wa watu huzuni, yuko mbali. Akaandika sote wazima.

Barua iliyofuata, mama anamsalimu mjukuu wake, anauliza kama ameota meno.

Niliisoma vizuri sana. Kujibu sikuweza. Jirani zangu wanawake walikuwa kama mimi, na kumwendea mwanamume wa nje aniandikie ilikuwa aibu. Mama akafa akimwombea uhai mtoto tuliyekwisha kumzika.

Khamis alijua alikuwa na kaka. Hili la mama yangu hakulijua. Akatua kikombe.

Nisimwonee mume wangu. Naye alikuwa akilia, labda mkono wake ulishindwa kuliandika neno lile. Nisimwonee mwalimu, bila yeye nisingejua hata alifu. Na wale wa Marekani, dini yao iliwafikishia herufi watoto maskini wengi ambao pengine wasingezipata kabisa. Hiyo ni haki yao na nawapa. Lakini aliyeiogopa kalamu yangu hakuwa Mungu. Watu ndio walioogopa, wakamsingizia Yeye. Hapo ndipo damu inaponichemka, na sijui kama nafanya dhambi.

"Jumamosi wasichana wataandika, inshallah," Khamis akasema.

"Inshallah yako naijua. Meza utazitoa wapi?"

"Wavulana watakaa kwenye zulia, Mama."

Nasra akacheka. Mimi sikucheka, ila nilimwacha anywe chai yake.

Mwanangu, ukimfundisha mtoto kupokea maneno ya watu, mfundishe na kutoa ya kwake. Ukitaka kumkataza mtu jambo, sema ni wewe unayekataza, ulibebe mwenyewe. Usimtwike Mungu woga wako. Na ukiona mtoto mmoja kapewa kalamu na mwenziwe kaambiwa asikilize, uliza kwa nini, hata kama anayefundisha ni baba yako.

Mungu akupe elimu isiyokufunga mdomo. Na siku ya msiba, isiyomkosa mtu, akujaalie umwambie mama yako kwa maneno yako mwenyewe. Amin.