Kigiriki Changu cha Kyuso

Nitawaambia, lakini mtu akicheka sana nanyamaza. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mtu aliyetaka kumkumbatia mama mkwe mbele ya kanisa nzima kule Kyuso, maiki mkononi, na kwa Kigiriki. Hata sasa nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Mimi ni wa Kambu, pale barabarani, nauza vipuri vya pikipiki. Msichana niliyetaka kuoa anaitwa Mwende na kwao ni Kyuso. Watu wa kwetu walikuwa wamejipanga kupeleka mbuzi wa ntheo Jumamosi iliyofuata (wale mbuzi ambao bila hao Mkamba hawezi kusema ameoa, hata kama mna watoto na nyumba ya mawe), na mama yake, ambaye ni mjane, ndiye angesema mbuzi wapokelewe ama warudi. Kwa hivyo Mwende akaniambia, "Kyalo, kuja Jumapili, kabla ya mbuzi, uonekane kanisani. Watakupatia nafasi usalimie watu. Salimia tu, uketi."

Salimia tu! Si ningesikia? Lakini nilikuwa nimeweka kwa simu programu fulani ya Biblia, ile ukibonyeza neno inakuonyesha lilikuwaje kwa Kigiriki ama Kiebrania, na ilikuwa imenilewesha kabisa, mtu anakuja kununua cheni ya pikipiki mimi namweleza maana ya neema. Nikajiambia, wageni wote husalimia, mimi nitawafundisha salamu ni nini. Nikatafuta pale Paulo anaambia watu wasalimiane, nikapata "aspazomai", na chini yake maelezo: kusalimu, kukaribisha, kukumbatia. Kukumbatia! Nikaona hiyo imetumwa kwangu moja kwa moja.

Jumapili nikaitwa mbele. Kule wazee wengi husikia Kikamba vizuri zaidi, kwa hivyo ukiongea Kiswahili kuna mtu anasimama karibu akitafsiri, na siku hiyo alikuwa nani? Mama Mwende mwenyewe! Alisimama mbali kidogo, macho kwa watu, hanitazami hata kidogo, mimi nikadhani ni heshima ya madhabahu.

Na alitafsiri, jameni. Nikisema moja anaipamba, watu amen, amen, mpaka kichwa changu kikavimba. Nikapaza sauti: "Ndugu zangu, kwa Kigiriki hakuna salamu ya mbali! Mgeukie jirani yako umkumbatie!"

Kimya. Hakutafsiri. Nikarudia, nikifikiri hajasikia. Bado kimya, na kule kwaya Mwende anatikisa kichwa kama mtu ameumwa na siafu. Nikasema, "Basi wacha niwaonyeshe," nikageukia jirani wa karibu, mikono nimefungua.

Kama wewe si wa kwetu, jua kwamba kati ya mkwe na mama mkwe kuna nthoni, ile heshima ya kuoneana aibu. Humshiki mkono, hukai naye benchi moja, mkikutana njiani unampisha. Nilijua, sitawadanganya. Lakini Kambu tumechanganyika na watu wa kila mahali, kanisani kwetu watu hukumbatiana ovyo, nikafikiri mambo hayo huachwa mlangoni.

Mama akarudi nyuma. Mimi, mjinga, nikamfuata nikidhani anaona haya ya maiki. Akarudi tena, kisigino kikagonga kikapu cha ndengu cha sadaka, akaanguka, ndengu zikamwagika madhabahu yote na spika zikapiga yowe. Mzee mmoja akapaza sauti, "Aiii! Wewe, huyo ni mama yako!" Nami kwa kuchanganyikiwa nikainama, nikamshika mkono nimwinue, nikamaliza kabisa kile kilichobaki.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Akina mama walimtoa nje wamemzungushia leso, na Mwende akanipita akisema, "Umeniua, Kyalo." Wazee wakampigia baba yangu kwamba mbuzi wa ntheo wasije, kwanza iletwe mbuzi ya kuomba msamaha. Baba akanipigia, akaniuliza neno moja tu, "Kigiriki?"

Tukapeleka hiyo mbuzi. Mimi niliketi nje ya ua, mama yuko jikoni, Mwende katikati akibeba maneno. Nikaomba msamaha. Mwende akaingia, akakaa, akatoka macho yamejaa machozi.

"Mama anasema amekusamehe mambo ya mkono. Anasema tangu baba afe, watu humwambia hii nyumba haina mwanamume. Siku hiyo alikuwa anayatia maneno yako utamu, wote waone ni mtu wa aina gani anamletea mbuzi. Anasema hajawahi kujivuna hivyo kanisani."

Nilitaka ardhi inimeze. Siku zote nilikuwa nimelia aibu yangu, na ya kwake sikuwa nimeiona kabisa.

Mbuzi wa ntheo walipokelewa baadaye, Mwende ni bibi yangu. Lakini Mama hajatafsiri tena. Pastor humwomba, anasema koo inamuuma. Watu wa Kyuso nao wameshanisamehe, wananiita mbele kila nikienda, na kila mara nakataa. Nimeapa sitafungua mdomo katika kanisa hilo mpaka siku nitakapomwona yeye ameshika maiki tena.