Kolambaini Nyekundu na Kitabu cha Baba

Mwalimu wa biolojia alinichukia, na haki yake. Nilikuwa nimeubandikia mkate wake wa mchana lebo yenye jina la kuvu. Akaniambia mtihani wangu wa mwisho ni ua moja tu, kolambaini nyekundu, nilieleze mbele yake ana kwa ana. Nikishindwa, kiangazi kizima narudia somo lake, mimi na yeye, chumba kisicho na kiyoyozi.

Baba, aliyesoma Tanzania kwa kukariri na kiboko, akaninunulia kitabu cha maua kwenye mitumba ya kanisani huku ughaibuni tunakoishi, Brooklyn Center. Wiki nzima alinisimamisha jikoni.

"Soma ukurasa bila kuangalia."

"Huota kwenye misitu yenye unyevu ya milimani. Sepali tano nyekundu, yaani vijani vya nje ya ua, zimetanuka kama nyota..."

"Umeruka nukta. Anza upya, mjinga wewe!"

"Baba, nukta nayo inatamkwa?"

Kofi nililikwepa. Mwiko haukunikosa.

Siku ikafika. Ua lilikuwa kwenye kikombe, limeinamisha kichwa, mikia yake mitano imeelekea juu. Nikamwaga ukurasa wote bila kupumua.

Mwalimu akatabasamu vibaya. "Nimelichuma nyuma ya nyumba yangu, hapa Richfield, tambarare tupu. Nionyeshe huo mlima."

Darasa likaangua kicheko.

"Labda wamejenga ule uwanja wa ndege wa jirani yako juu yake," nikasema.

"Kasuku wewe. Umeliangalia hata mara moja?"

Sikuwa nimeliangalia. Kwa hasira nikavuta kioo cha kukuzia. Sepali hazikutanuka hata kidogo; zilielekea mbele, zimezikumbatia petali za ndani. Na ncha za manjano za petali hizo zilikuwa ndefu kuliko nilivyokariri.

"Siyo la kitabuni," nikasema. "Ni ndugu yake." Nikamwonyesha kwa penseli, sepali moja moja.

Akaninyang'anya kitabu cha baba nilichokuwa nacho kwapani, akasoma jalada: maua ya milima ya magharibi, kule upande wa Pasifiki.

"Hukusoma jalada?"

Hatukusoma, mimi wala baba. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye picha nyekundu, na nyumbani kwetu kilichochapwa kitabuni hakiulizwi.

Mwalimu akaandika "amefaulu" kama anayeng'olewa jino. "Toka. Kiangazi sitaki kuiona sura yako."

"Hapo tumeelewana, mwalimu."

Jioni nikamsimulia baba. Akavimba. "Mwalimu gani anabishana na kitabu? Kesho nakwenda kumfundisha adabu!"

Alipoingia kuoga, nikazifukia funguo za gari kwenye ndoo ya unga.