Siti ya Nyuma ya Mama Mkwe

Ngoja nianze na aibu yenyewe, ili wa kucheka mcheke mapema: mimi Baba Kulwa, mtu mzima mwenye mapacha wa kipaimara, nilimvuta mama mkwe wangu akiwa ameketi kwenye gari la watu, mbele ya ukoo mzima, kwa sababu ya wivu. Sisemi shetani alinipitia. Siku ile kule Samuye, ukweni kwangu, hakukuwa na shetani, nilikuwepo mimi.

Mnaifahamu ile Toyota yangu ya zamani, niliyoinunua ikiwa imekufa nikasema nitaifufua. Nikampa Fundi Maziku wa hapa mjini, na gari likakaa kwake miaka miwili, kuku wakatagia chini yake. Ukienda, unaambiwa fundi kaenda kununua boliti (boliti gani ya wiki mbili sijui), na ukibahatika kumkuta anakufutia stuli ukae, anakuita mzee ingawa kanizidi umri, halafu anasema, "Imebaki kazi ndogo tu, Baba Kulwa. Jumamosi unawasha." Jumamosi ya mwezi gani, hasemi. Ukweni wakalipa gari langu jina, wakaliita Gari la Maneno.

Sasa kuna mtu anaitwa Shija. Huyu ndiye aliyetangulia kumposa mke wangu, enzi hizo hana kitu, wakamkataa. Akaenda machimboni Nyarugusu, akakaa huko akarudi mwenye duara, yaani shimo la dhahabu ni lake, wengine wanachimba yeye kakaa kivulini, na chini yake Land Cruiser nyeupe. Kwao ni jirani kabisa na ukweni kwangu, kwa hiyo kila sherehe yupo, kila msiba yupo, na dunia nzima inamwita mke wangu Mama Kulwa lakini yeye bado anamwita Mbula, jina lake la usichana. Miaka kumi na minne ya ndoa, na nikisikia "Mbula" namgeukia mke wangu nione kama ataitika. Ndiyo, naona wivu, sikatai.

Wiki ya kipaimara cha mapacha nikaapa mbele ya wakwe kwamba bibi yao ataletwa kanisani na gari langu. Shangazi wa mke wangu akacheka, akasema, "Usijisumbue baba, Shija ameshasema atamleta." Akaweka chumvi hapohapo kwenye kidonda.

Maziku akaniahidi kuwa Jumapili hii lazima, na Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikawa gereji. Fundi hayupo. Gari limefunikwa turubai, ufunguo anao mlinzi, ambaye aliniambia kwa upole, "Msubiri kidogo, fundi kasema anakuja na kitu chako." Nimesubiri miaka miwili, leo nisubiri kitu? Nikamnyang'anya ufunguo, nikavuta turubai, nikaketi nyuma ya usukani, nikawasha, likawaka. Jamani, liliwaka mara moja. Furaha ilinipanda kichwani nikaondoka nalo, na sikugeuza shingo kutazama nyuma hata mara moja.

Nafika Samuye, Land Cruiser nyeupe imeshaegeshwa uani, Shija kaiegemea na miwani yake. Lakini wanawake waliponiona walipiga vigelegele, watoto wakalizunguka gari, na mama mkwe akatoka ndani na kitenge kipya, akaja taratibu, macho chini kama heshima inavyotaka. Nikamtupia Shija jicho moja la ushindi. Nikafungua mlango wa nyuma.

Hakuna siti. Bati tupu, jeki moja na spana namba kumi na nne.

Kwa wasiojua mila zetu, mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama mkwe, hampi mkono, hata mkikutana njiani unampisha. Siti ya nyuma ndiyo heshima yenyewe. Kumweka mbele, pembeni yangu, ni bora ningemleta kwa mkokoteni. Mama akatazama lile bati, akamnong'oneza shangazi, na shangazi ndiye akanifikishia (kwetu mayu ni mama, wabeja ni asante): "Mayu anasema wabeja kwa kuja. Atapanda la Shija."

Akapanda, nyuma, peke yake kama malkia. Shija akafunga mlango polepole akaniambia, "Pole shemeji. Kwangu Mbula asingehangaika hivi." Na hapo ndipo jicho langu likaangukia chini ya mama mkwe, nikaona kitambaa cha kufuma, zambarau na njano, pindo la maua.

Kitambaa kile nakijua. Mke wangu alikifuma kwa mkono wake, mwezi mzima, kwa ajili ya siti ya nyuma ya gari langu, nikakipeleka mwenyewe kwa Maziku. Akili ikanipigia hesabu upesi: fundi kamuuzia Shija siti yangu na kitambaa chake. Halafu wivu ukaongeza ya kwake: au Mbula kamfumia. Nikafungua mlango kwa nguvu.

"Shija, hicho kitambaa ni cha mke wangu. Kitoke sasa hivi."

"Kitambaa gani?"

Nikashika pindo nikavuta, na kilipokuja kilikuja na mama mkwe. Aliteleza kwenye siti ya ngozi, kiatu kikamtoka, kilemba kikamfunika macho, na alipokuwa anaelekea chini nikamdaka kwa mikono yangu yote miwili, nikawa nimemkumbatia mama mkwe wangu hadharani. Vigelegele vilikatika.

Shangazi alisema taratibu, "Baba Kulwa, kitambaa hicho ni cha Mayu. Mwanawe alifuma viwili, kimoja chake na kimoja cha gari lako. Amekitandika ili asichafue gari la watu."

Nilikuwa bado nimemshika wakati bodaboda ilipoingia uani, vumbi tupu, nyuma kaketi Fundi Maziku kakumbatia siti nzima ya gari, sponji mpya, na kitambaa cha zambarau na njano kimetandikwa vizuri juu yake. Akashuka anahema. "Mzee, umeondoka bila siti. Nilikwambia Jumapili hii lazima, nimeamka alfajiri kuifuata kwa mshona viti." Miaka miwili mtu hatimizi ahadi, anakuja kuitimiza siku hiyo.

Aliifunga kwa dakika tano. Mama mkwe hakuigeukia. Alikwenda kanisani na Shija, mimi nikafuata nyuma nikila vumbi lao na siti nzuri isiyo na mtu, na kanisani mke wangu alitazama kitambaa, akanitazama, akasonya.

Kumgusa mama mkwe kuna taratibu zake, nikaambiwa nipeleke mbuzi wa kuomba radhi. Kwa hiyo abiria wa kwanza wa siti ile, juu ya kile kitambaa cha mwezi mzima, alikuwa mbuzi, na alikikojolea kabla hatujatoka mjini. Nilipomkabidhi, mama mkwe akanong'ona, shangazi akafikisha: "Mayu amepokea. Anauliza huyu alishuka mwenyewe, au naye ulimvuta?"

Tangu hapo mtu akimwita mke wangu Mbula, naitika mimi, nacheka, naondoka. Na gari la mtu sifungui mlango, hata nikiliona limevaa shati langu.