Nguo Zangu Kawangware, Mdomo Wangu Makina

Wa kulaumiwa wa kwanza ni Kevo, kijana aliyetuletea maonyesho ya droni. Wa pili ni mimi.

Tulikuwa kwenye ukumbi Makina, akina mama wa chama chetu cha akiba. Kevo akanivalisha miwani mikubwa na glavu zenye nyaya, akasema droni yake iko Kawangware. Chochote kinachoigusa kule nitakihisi huku, na nikiongea nitasikika kule.

"Mathe, twende wapi?" akaniuliza, kama anavyowaita akina mama wote.

Mwingine angeomba kuona wanyama. Mimi, tangu nyumba yangu iungue Kisumu Ndogo na majirani wabebe vilivyobaki, siamini mtu. Nikasema twende plotini kwangu, nilikopanga chumba hukohuko Kawangware, nimeacha nguo kwenye kamba.

Nani namwona huko? Syombua, jirani wa mlango wa pili, gauni langu begani, anatoa shuka yangu kwenye kamba.

"Syombua, weka chini. Mwizi wewe. Kumbe hata ile sufuria yangu iliyopotea ni wewe."

Picha ya droni ilikuwa ikionyeshwa ukutani, kwa hivyo akina mama wakaona yote, wakacheka. Nikanogewa, nikamtaja hadi mamake.

Glavu zikaanza kunitekenya.

"Kevo, mashine yako imeharibika."

"Zii, haijaharibika, mathe," akasema polepole. "Hiyo ni mvua, imeanza kunyesha kule."

Syombua akaangalia droni juu. Akaitundika shuka yangu tena, kisha gauni, akazibana vizuri kwa vibanio, akaingia kwake na kufunga mlango.

Nikabaki ukumbini mikono mbele, nguo zangu zikinyeshewa, na kila tone nalihisi.