Msiba wa Nyumba ya Kale

Mwanetu Mwanaidi, anayefanya kazi hotelini Al Rigga, alitutoa mimi na mume wangu Shabani kutembea mitaa ya kale ya Dubai. "Mama, leo usinitie aibu," akaniambia, kisha akabaki nyuma na simu yake.

Tukafika nyumba moja, mlango wazi, viatu vimejaa kizingitini. Ndani watu wamekaa chini kimya, ukutani picha ya mzee. Nikajua ni msiba.

"Hatuwezi kupita hivi hivi," nikamwambia Shabani.

Nikaingia, nikaketi kando ya mama wa Kizungu, Ingrid jina lake, nilikuja kujua. Nikamshika mkono, nikalia kwa sauti, maana kulia msibani sijapata kushindwa. Ingrid naye akaanza kulia. Shabani akainua mikono, akasoma Fatiha.

Mlinzi, Mganda aitwaye Ssali, akaniinamia. "Mama, unamlilia nani?"

"Si uniambie wewe, mwanangu. Marehemu nani?"

"Hapa hakuna aliyekufa. Hii ni nyumba ya makumbusho, na hawa watalii, wanangoja kahawa."

Mwanaidi alikuwa keshafika mlangoni.

"Dada," Ssali akamuuliza, "hawa wazee ni wako?"

Mwanangu wa kumzaa akatazama dari.

"Siwajui."