Kipande cha Wakhungu

Wakhungu alikuwa fundi wa mtambo wa kuchimba visima mjini Kitale. Alizaliwa Bumula, katika shamba ambalo babu yake aliligawa, baba yake akaligawa tena, hadi yeye na mdogo wake Wekoye wakabaki na vipande vya kutosha nyumba na mistari michache ya mahindi. Kampuni moja ilipotafuta wachimbaji wa kwenda Namibia, alikwenda. Mkewe Pauline akabaki Kitale.

Huko yeye na wenzake waliendesha lori mchana kutwa bila kuona hata moshi wa jiko. Walichimba wakapata vumbi. Wakasogea, wakachimba tena, wakapata maji ya chumvi ambayo ng'ombe waliyanusa wakageuka. Familia ya wafugaji iliyokuwa ikisubiri maji hayo ilipakia vitanda kwenye pikapu ikahama. Wakhungu aliwasaidia kuinua friji, kisha akaenda kulala.

Baba yake alipofariki alirudi Bumula. Kaburi lilichimbwa kati ya jiko la Wekoye na ua, maana kwingine kote kulikuwa kumejengwa. Waombolezaji wengine walisimama kwa jirani. Wakhungu alitazama jeneza likishuka, akangoja machozi. Hayakuja.

Baadaye Wekoye alivuta kiti karibu naye.

"Ati huko unaweza tembea siku mzima bila kuona mtu?"

"Unaweza."

"Na shamba yote hiyo imekaa tu? Si mtuite."

"Mvua hakuna, na chini hakuna maji. Ng'ombe moja inataka malisho kubwa kuliko hii kijiji yetu yote. Watu watakaa aje?"

Wekoye akamwinamia. "Sasa ndugu yangu, hicho kipande chako. Kijana wangu anataka kuoa, na wewe hukai hapa."

"Chukua," Wakhungu akasema.

Pauline, aliyekuja kutoka Kitale kwa mazishi, alikuwa akiosha sufuria hapo karibu. Aliacha.

"Hukuniuliza," alimwambia mumewe walipobaki wawili. "Na wewe tutakuzika wapi?"

"Sijui."

Pauline alimtazama, akaona kwamba kweli hajui, wala jambo hilo halimsumbui.

Mkataba wa Namibia uliisha mwaka uliofuata. Sasa Wakhungu anachimba visima upande wa Moi's Bridge, karibu na Kitale. Maji yakiruka, wenye shamba hucheka, humletea soda. Yeye hunywa, hunawa mikono, kisha huanza kupakia mabomba. Juzi Wekoye alimtumia picha ya nyumba ya kijana wake. Alijibu, "Nimeona."